Kupe wa Kisima cha Majivu

3 Februari

Dada yangu Sindano,

Nakusalimu wewe, namsalimu mama na cherehani yake, na yule mbuzi wa jirani anayetafuna nguo kwenye kamba msalimie pia kama hajachinjwa. Mimi ni mzima kwa maana ya kwamba napumua na nakula. Mgongo ndio umeacha kuniheshimu.

Najua nimekaa kimya tangu nilipoondoka. Simu walitunyang'anya siku ya kwanza pamoja na pasipoti. Barua hii inatoka na dobi, mama mmoja anayekuja kuchukua mashuka ya bweni. Anaificha katikati ya mashuka machafu, kwa hiyo ikinuka jasho, ujue si jasho langu peke yangu. Anwani yake iko nyuma ya bahasha. Nijibu kwake.

Sasa nikueleze kazi. Niliwaambia nimepata kazi ya kompyuta, na sikudanganya. Tunakaa kwenye banda la mabati ambalo zamani lilikuwa la kuku, na siku za joto kuku wenyewe unawasikia puani. Meza zimepangwa kwa safu, kila meza na kompyuta yake, na kila mtu anaua. Unakumbuka Mjomba alivyokuwa akitushusha kwenye shimo lake la karatasi, yeye anasimulia, sisi tunarusha dadu kujua kama panga limepata shingo au limepata hewa? Basi kile tulichokuwa tukikifanya baada ya kuosha vyombo, mimi sasa ndicho kibarua changu. Kuna mchezo wa mtandaoni wanaouita Falme Saba, na ndani yake kuna shimo linaitwa Kisima cha Majivu. Nashuka, naua zimwi, zimwi linadondosha dhahabu, naokota. Nasubiri zimwi lilelile liote tena palepale, nalikata tena. Dhahabu ni ya uongo, lakini tajiri anawauzia watu wasio na muda wa kuua wenyewe. Nakata shingo ileile tangu asubuhi mpaka mtu wa zamu ya pili aje akalie kiti kikiwa bado na joto langu.

Msimamizi tunamwita Nyampara. Anatembea na waya wa kipanya aliokunja mara mbili. Dhahabu ikipungua mwisho wa zamu anakuchapa nao mbele ya wenzako, na wenzako hawageuki. Usiwalaumu. Mkono ukiacha kipanya, zimwi linakuua. Ukiuawa unapoteza ulichookota, na wewe ndiye unayefuata. Wiki iliyopita alimpiga jirani yangu wa kulia, mtu mzima aliyekuwa mwashi kwao, mpaka sikio likatoa damu ikaingia kwenye kola. Nilisikia kila pigo. Niliendelea kukata shingo.

Afadhali mazimwi kuliko wawindaji. Hao ni wachezaji wa kawaida wanaotuchukia. Wanakuja kundi zima, wanatuchinja, wanacheza ngoma juu ya maiti zetu, wanaondoka. Kwao ni burudani. Mimi kila nikichinjwa mle ndani, huku nachapwa.

Mama asijue habari ya waya. Mwambie nafanya kazi nimekaa.

Kaka yako.


20 Februari

Kwako wewe Gogo, usiyesikia wala kujibu,

Naiandika barua hii kwa anwani ya wakala aliyekupeleka. Sijui kama itafika au watafungia sabuni. Hatujambo. Mama ameng'olewa jino na anaapa maumivu yale ni yako, kwa sababu yalianza siku uliyopanda gari. Shangazi amegombana na mkwewe tena, safari hii ni kuhusu ndoo. Hujambo wewe? Una meza nzuri huko ofisini? Una kiti kinachozunguka?

Mimi bado nasimamia Chumba, nakodisha kompyuta kwa saa. Watu wazima wanakuja wakitoka kazini, na mteja wangu mkubwa ni Fundi Pikipiki, mikono imejaa grisi, kibodi zangu zote sasa zinateleza. Wananiita mwalimu kwa sababu nawahubiria. Juzi mmoja alisema michezo hii imeanza juzi tu, damu ikanichemka. Nikamzimia skrini, nikamwambia kaa chini.

Nikawaambia: kwanza hakukuwa na kompyuta. Ilikuwa meza, dadu, penseli, na mtu mmoja wa kusimulia giza. Halafu wanafunzi wa vyuo vikuu wakaliingiza shimo kwenye zile kompyuta kubwa za chuo, zilizowekwa kwa hesabu za maana. Wakubwa wakiligundua wanalifuta, wanafunzi wanaliandika upya chini ya jina la kuchosha ili lisitazamwe. Halafu yakaja yale mashimo ya herufi tuliyocheza kwa Mjomba: wewe ni alama tu, herufi hii ni popo, ile ni joka, na shimo linachorwa upya kila ukiingia. Ukifa umekufa. Faili lako linafutwa, unaanza na chupi. Halafu yakaja ya kuta za mistari, unaona ukumbi mbele yako kama umefungiwa ndani ya kiberiti, na bila karatasi ya miraba ya kuchora ramani unazunguka mpaka njaa ikuue. Halafu kipanya: bonyeza, bonyeza, adui anapasuka, vitu vinamwagika kama soko limepinduka. Na mwisho mtandao, tukashuka shimoni maelfu kwa mara moja.

"Kwa hiyo zamani watu walikufa wenyewe," Fundi akasema, "siku hizi tunauana."

"Umefaulu," nikamwambia, "nenda kanawe mikono."

Na kweli tunauana. Kaka, nina kundi langu kwenye Falme Saba, tunajiita Walinzi wa Kisima, na mkuu wao ni mimi. Kazi yetu ni kusafisha kupe. Kupe ni vibarua fulani wamewekwa kule kuvuna dhahabu. Wote wana upara, wote wana shati la ngozi, majina yao ni herufi zilizomwagika. Wanasimama mahali pamoja wanakata zimwi lilelile, hawasemi, ukiwasalimia hawajibu, na bei za kila kitu wameziharibu. Mimi nina mkuki mwekundu. Nawachoma kwenye Daraja la Mifupa, nacheza kidogo juu ya maiti, halafu naandika yale maneno Mjomba aliyokuwa akituambia tukifa mezani kwake: Lala, mgeni, kitanda ni mawe. Nikiyaandika nakukumbuka unavyonuna.

Andika basi, gogo wewe.

Sindano.


15 Machi

Kaka,

Barua yako ya Februari imefika leo. Mama hajambo, jino limepona. Sina salamu nyingine.

Kama ile niliyoipitisha kwa wakala imekufikia, usiisome. Kama umeshaisoma, nijibu haraka. Uko wapi Kisimani? Darajani? Kule chini kwenye matanuru? Jina lako la mchezo ni herufi gani? Umeshika nini mkononi? Nyote mmevaa shati moja, nitakutambuaje? Na mbona hamjibu mtu akiwasemesha?

Nimeuweka mkuki chini mpaka nisikie kutoka kwako. Kundi nimewaambia naumwa macho.

Dada yako.


24 Aprili

Dada yangu,

Pole na jino la mama, na nimefurahi limeisha. Shangazi mwambie ndoo zipo nyingi duniani. Mimi sijambo. Chakula kipo.

Barua zako zote mbili ninazo. Ya wakala ilifika imefunguliwa na kubandikwa kwa gundi ya viatu, usiipitie njia hiyo tena. Umewahubiria vizuri. Umesahau tu kusema kwamba Mjomba alikuwa akidanganya kwenye dadu zake ili wewe usife. Mimi aliniacha nife.

Umeuliza mbona hatujibu. Kibodi zetu zimeng'olewa vitufe vya herufi. Wamebakiza namba na mishale, na palipokuwa na herufi ni mashimo tu kama kinywa cha mama siku ile. Tajiri hataki tuandikiane na mtu. Kwa hiyo mtu akinisalimia mle ndani namwona, nasoma, namtazama.

Usihangaike na habari za Daraja la Mifupa. Mimi nimehamishwa. Sasa nakata dubu kwenye Mlima wa Barafu, mbali kabisa na Kisima, na wawindaji hawafiki kule. Cheza mchezo wako. Umefanya kazi tangu ukiwa mdogo, na sijawahi kusikia kitu kingine kinachokuchekesha.

Mwashi anakusalimu. Sikio halijarudi.

Kaka.


30 Mei

Kaka yangu mpenzi,

Nimeruka! Mama ameniuliza nimeshinda bahati nasibu au nimepata mchumba. Nimemwambia vyote. Hajambo, anakohoa kidogo kwa vumbi la vitambaa, na ameanza kukushonea suruali. Amenikasirikia kwa sababu sijui kama umenenepa au umekonda.

Mlima wa Barafu! Ningejua mapema nisingelala na macho wazi. Nimekuulizia: kweli wawindaji hawafiki, baridi ya kule inaua farasi. Basi mkuki nimeuokota siku ileile. Tena nimewaza hivi: tukiwafukuza kupe wote Kisimani, dhahabu ya mlimani kwenu itapanda thamani, na huyo Nyampara wako atatulia. Kwa hiyo tunawachinja kwa bidii zaidi, na kila mmoja nahesabu ni zawadi kwako. Fundi anasema nimekuwa kama nimekunywa betri.

Wiki iliyopita kumetokea kituko lazima nikusimulie. Nimefika Darajani, nikamkuta kupe mmoja peke yake. Wengine wakiniona wanakimbia, huyu akageuka akanitazama. Akaacha zimwi. Akaweka panga chini. Nikasema labda mashine yake imeganda. Akavua ngao akaiweka chini, akavua kofia, akavua viatu, na kila kitu anakipanga kwa mstari, halafu mstari mwingine pembeni, miraba miraba, kama zile karatasi za Mjomba. Hana shati, hana kitu, yuko na upara wake, anazunguka ile miraba huku akinitazama. Tulicheka Chumba kizima. Fundi akapiga kelele, "Sindano, mchumba huyo, anakujengea nyumba!" Zimwi nalo likawa linakuja nyuma yake, na yeye wala hageuki.

Nikamwahi kabla ya zimwi. Mkuki mmoja tu, tumboni. Halafu nikamwandikia yale maneno.

Duniani kuna watu wa kila aina. Jilinde na baridi.

Sindano wako.


8 Julai

Dada,

Salamu kwa mama. Mwambie nimekonda, suruali asiifanye pana.

Utaona mwandiko umeharibika. Naandika na kuua kwa mkono wa kushoto, wa kulia umefungwa kijiti.

Yule uliyemcheka Darajani alikuwa mimi. Sikuhamishwa popote. Barua yako ya kwanza ilipofika nikasoma maneno ya Mjomba, nikajua mwenye mkuki mwekundu ni nani, maana maneno hayo nilikuwa nayaona kwenye skrini yangu karibu kila wiki, nikidhani ni msemo wa wawindaji wote, na kila nikiyaona nilikuwa najua baada yake linafuata nini. Nikaona nikikwambia utauacha mchezo, na utaishi ukijua. Nikasema mgongo ni wangu, wacha ubaki wangu. Sikufikiri kwamba ukifurahi utaongeza bidii. Hapo nilikosea. Ni kosa la mtu aliyekulia meza moja na wewe: nilidhani naijua zamu yako inayofuata.

Siku ile nilipokuona unakuja nilichoka tu. Sikuwa na herufi, nikasema nipange miraba, huyu ataikumbuka meza. Sikuwa na mpango wowote mwingine. Nilitaka ujue nipo.

Nyampara alikuwa amesimama nyuma yangu. Aliona nimeacha kuua, nimevua mali ya tajiri, naipanga chini. Kwanza alipiga kwa waya. Halafu aliuweka mkono wangu wa kipanya juu ya meza, kiganja chini, akauponda kwa kitako cha kiti. Alipiga mpaka vidole vikaacha kuelekea upande mmoja. Wenzangu hawakugeuka. Mwashi alikuwa analia na anakata zimwi.

Sasa sikiliza, na usilie kwanza, utalia baadaye. Sikuombi uache. Ukiacha wewe watakuja wengine. Nakuomba utuue wote.

Nimekaa nimelifikiri. Hapa mtu akichapwa hakuna anayemsaidia kwa sababu mikono yetu yote imeshikwa. Siku zote yuko mmoja aliyekufa na wengine wako hai, na walio hai wanaogopa kufa. Lakini ukifa Kisimani, mchezo unakukalisha kwenye ukungu wa kijivu kitambo kabla ya kukurudisha. Katika ukungu huo hakuna cha kubonyeza. Mkono ni wako. Tukifa sote kwa mara moja, banda zima litakuwa na mikono.

Kila Jumatano wenye mchezo wanaufunga kwa matengenezo, na ukifunguliwa mchana sisi tunaingia sote kwa pamoja kwa lango moja la Kisima, Nyampara anatusimamia kama ng'ombe wanaotoka zizini. Jumatano ya kwanza ya Septemba mtusubiri langoni. Leteni kila mwenye mkuki. Asibaki hata mmoja, dada. Akibaki mmoja hai, huyo hatasimama.

Mwashi nimemwambia. Amewaambia wengine, kitanda kwa kitanda.

Kaka.


12 Agosti

Kaka yangu,

Mama hajambo. Suruali ameipunguza.

Nimeisoma barua yako chooni kwa Shangazi ili mtu asinione. Sitaandika nilivyokuwa. Hayo nitakuambia uso kwa uso au sitakuambia kabisa.

Nimewakusanya Walinzi, nimefunga mlango wa Chumba nikawasomea, kasoro yale ya mkono. Mmoja akasema wewe ni tapeli, kupe wote wana hadithi. Fundi akaongezea, "Sindano, umelainika kama sabuni iliyolowa. Leo unatuambia kupe wana mama?"

"Wanao," nikamwambia. "Mama yake huyu ndiye aliyekushonea hiyo suruali uliyovaa."

Akaitazama suruali. Alikaa akiitazama, anasugua goti lenye kiraka. Halafu akasema, "Lango la Kisima lina ngazi pande mbili. Tukikaa upande mmoja watatoroka." Akachukua kipande cha karatasi akaanza kuchora.

Tumezungumza na makundi mengine pia, hata yale tuliyokuwa tukipigana nayo. Hatukuwaambia sababu. Tumewaambia tu kwamba Jumatano ile kupe watakuwa wanono. Wakaitikia kwa shangwe, kaka, na shangwe ile naijua. Ilikuwa yangu.

Ninaogopa. Nikikosea nitakuwa nimewapigisha banda zima. Na nisipokosea sijui mtafanya nini na hiyo mikono. Hukuniambia. Mtamfunga? Mtatoka tu? Niandikie kama kuna muda. Kama hakuna, nitakuwepo langoni.

Herufi za jina lako nilizishika siku ile ya Darajani, nitakuchoma wewe wa kwanza. Sitaandika kitu.

Sindano.


26 Septemba

Dada,

Nawasalimu wote. Barua hii inapita kwa dobi kwa mara ya mwisho, amekuja kuniona hospitali, ninapotibiwa mkono, akijifanya shangazi yangu. Nje ya mlango kuna askari. Isome vizuri, halafu ichome moto na zote zilizotangulia.

Mlikuja. Lango lilipofunguka, ngazi zote mbili zilikuwa zimejaa mikuki. Nilikuona kabla hujaniona. Ukanichoma, hukuandika kitu, ukapita kwenda kwa mwingine. Nikasikia banda linakufa safu kwa safu, zile sauti za kufa za mchezo, za bei rahisi, zote zinafanana. Skrini zikageuka kijivu mpaka ukutani. Nyampara akapiga yowe. Akamfuata Mwashi kwanza, kwa sababu ndiye aliyezoea kumpiga, akainua waya.

Halafu nikasikia viti. Viti tu, dada, vinasukumwa nyuma kwa pamoja. Aligeuka akatuona tumesimama.

Uliniuliza tutafanya nini na mikono. Wengine walikuwa wamesema tumfunge kwa nyaya tuchukue pasipoti. Mimi nilikuwa nimekubali. Lakini alimchapa wa mbele usoni, jicho likafumba, na hapo yakaisha mazungumzo. Mwashi alimshika kiuno. Mtu alimvunjia skrini kichwani. Tulimpiga kwa kibodi mpaka vile vitufe vilivyobaki vikatawanyika sakafuni kama meno, tukampiga kwa viti, tukampiga kwa miguu. Mimi nilimpiga kwa mkono wa kushoto. Alisema basi. Nilimsikia vizuri, niko karibu. Nilimpiga baada ya kusema basi, na nilimpiga baada ya kuacha kusema. Sitakuambia waliofanya hivyo ni wengine.

Wenzangu walivunja droo wakatoka na pasipoti zao. Nami nilishika yangu. Nilifika mlangoni nikageuka, nikamwona anapumua kwa povu, nikarudi nikamlaza ubavu asijisonge. Sijui kwa nini. Askari walinikuta naye. Alikufa siku ya pili, katika wodi iliyo karibu na yangu. Nilimsikia mkewe akilia.

Sasa jambo lenyewe. Mpelelezi ni mtu mpole, analeta maji. Anasema ikiwa ni hasira ya ghafla baada ya kipigo, nitafungwa lakini nitatoka ningali na meno. Ikiwa ilipangwa, sitoki. Na anajua skrini zote zilikufa kwa mara moja. Ananiuliza kila siku, "Wale wawindaji nani aliwaita?" Nami nasema, "Mzee, wale ni wachezaji tu, kutuua ni mchezo wao wa kila siku." Mwashi amekamatwa naye anasema hivyohivyo. Anauliza pia kama nina ndugu anayecheza. Nimesema nina dada, yuko na mama kwenye cherehani, kompyuta anaiogopa.

Basi iwe hivyo. Kuanzia sasa barua zangu zitapita mikononi mwao, na zako pia. Usiniulize chochote. Usinipe pole ya kitu ambacho hupaswi kukijua.

Kaka.


5 Novemba

Kaka mpendwa,

Tunakusalimu sana, na tunatumaini barua hii itakukuta salama. Tumepata taarifa kutoka kwa wahusika kwamba uko mahabusu kwa sababu ya ugomvi wa kazini. Tulishtuka, kwa kuwa hatukujua kazi yako ni ya namna gani.

Huku hatujambo. Shangazi amepatana na mkwewe. Yule mbuzi wa jirani amezaa. Kile chumba cha kompyuta kilichokuwa kando ya barabara kimefungwa, sijui kwa nini, mimi mambo ya kompyuta siyafahamu. Nakaa na mama. Nimejifunza kupinda suruali na kutoboa vishimo vya vifungo, ingawa mama anasema vishimo vyangu vinaweza kupitisha ng'ombe. Sindano huwa inanichoma kidoleni kila siku. Nimezoea.

Fundi Pikipiki ambaye ni mteja wa mama anakusalimu, ingawa hamjuani. Kila jioni akifunga kazi anapita kuuliza kama kuna barua, halafu anasema alikuwa anapita tu.

Suruali yako imekwisha. Tumeambiwa mnaruhusiwa nguo bila mkanda, kwa hiyo mama ameweka mpira kiunoni. Ameipima kwa mwili wangu, akisema tukikonda sisi wawili tunafanana.

Mama ametaka niandike maneno yake kama alivyoyasema, nisiongeze wala kupunguza. Amesema: "Mwambie nimesikia kuna mtu amekufa, na mtu huyo ana mama. Mwambie sikumzaa apige watu. Mwambie ale chakula chote wanachompa, na akiguswa apige kelele, kuna mtu atageuka."

Mimi sina la kuongeza.

Dada yako, mshonaji.